Nimefumaniwa nikifuma, waifu anadhani nina mtoto nje

Shkamoo Shangazi, pole na majukumu.

Mimi ni mwanaume wa miaka 36, dereva wa roli, napiga safari ndefu, Dar naenda Tunduma navuka Nakonde napita Zambia yote mpaka Kasumbalesa naingia Lubumbashi, nikienda na bidhaa za watu narudi na shaba. Naomba unisaidie kwa hili na tafadhali sana jina langu lisitoke maana likifika kijiweni kwa madereva mimi nimekwisha, nitapewa jina ambalo nitazikwa nalo.

Shangazi mi nafuma. Haya nimeshasema. Nafuma kwa sindano mbili na kwa kroshia pia, kofia, skafu, vitambaa, soksi za watoto, na mwaka jana nilimaliza sweta zima la mikono mirefu japo shingo ilikataa kabisa kupita kichwani. Nimeanza toka mdogo, nimelelewa na bibi huko Makete, na anayeijua Makete anaijua baridi yake, mwezi wa saba asubuhi unakanyaga majani yanalia chwa chwa kwa barafu. Bibi alikuwa anafumia spoku za baiskeli, anazikata anazisugua kwenye jiwe mpaka ncha inakuwa butu kidogo isimchome, sindano za dukani amekuja kuzishika uzeeni na alisema zinateleza sana hazina adabu. Uzi alikuwa anaupata kwenye sweta za mtumba, ananunua mnadani anazifumua, na kazi ya kushika uzi ilikuwa yangu, nanyoosha mikono miwili mbele kama nimeshika usukani, yeye anazungusha bonge lake huku anapiga stori. Ukikaa na mtu hivyo kila jioni miaka minane utajifunza tu upende usipende, na mimi nilipenda.

Sasa watu wanadhani kazi ya dereva ni kuendesha. Kazi ya dereva ni kusubiri. Unasubiri kwenye mizani, unasubiri makaratasi, unasubiri wakala apokee simu, Kasumbalesa pale nimewahi kulala siku tano gari haijasogea hata urefu wa tela. Wenzangu wanacheza drafti, wengine wanakunywa, wengine wanaharibikiwa hukohuko siwahukumu. Mi nashusha pazia la kebini natoa mfuko wangu nafuma. Kichwa kinatulia Shangazi sijui nikueleze vipi, zile hasira za foleni zinaisha zenyewe, unahesabu mbili chini mbili juu, ukishtuka jua limezama. Utingo wangu anajua kwa sababu huwezi kumficha kitu mtu mnayelala naye kebini moja, nilimfumia skafu akae kimya na amekaa.

Waifu alikuwa hajui. Unajua kwa nini sikumwambia, tulipokuwa wachumba siku moja tulipita mahali kuna kijana anasuka watu nywele, waifu akacheka akasema mwanaume wa hivyo mi siwezi, basi nikameza. Miaka ikapita. Na kitu ukishakificha mwaka wa kwanza, wa pili inakuwa ngumu zaidi kukisema.

Mwezi uliopita nimerudi safari, gari nimeiegesha karibu na nyumbani, mi nimelala ndani, ye akasema ngoja nipande nikutolee mashuka ya kile kitanda cha nyuma nifue. Chini ya godoro akakuta mfuko. Ndani kulikuwa na pea 11 za soksi za kichanga, nyeupe, njano, pinki, na kofia tatu ndogo, na soksi moja bado iko kwenye sindano haijafika kisigino. Shangazi hakupiga kelele. Natamani angepiga. Aliingia ndani akaniamsha, akakaa, akazipanga zile soksi mezani pea moja moja kama mtu anapanga karata, alafu akaniuliza, "Mama yake anaitwa nani?"

Nikamwambia nimefuma mwenyewe. Akacheka kile kicheko ambacho sio kicheko. Akasema hata uongo huna akili ya kuutunga.

Sisi tumeoana miaka sita hatujajaliwa bado, mwaka juzi ilipatikana moja ikatoka ikiwa na miezi mitano, ndo hivyo. Kwa hiyo unaweza kuelewa ilivyomuuma. Sasa hivi yuko kwa dada yake wiki ya tatu, simu anapokea shemeji. Nimemtumia video mikono yangu ikifuma, shemeji akajibu hiyo mikono umeitoa TikTok. Nikapiga picha sindano na uzi nikatuma, wakasema ndo umeenda kununua leo. Kaka yangu ananishauri niseme ni biashara, kwamba nafuma nauza huko Zambia, anasema mwanaume akiwa anauza hakuna wa kumcheka na waifu atafurahi kusikia kuna hela. Lakini mi siuzi Shangazi, sijawahi kuuza hata kofia moja, nafuma tu kwa kuwa napenda. Saa nyingine nafumua nafuma tena uzi uleule.

Naomba uniambie nifanyeje anielewe, na je niache huu mchezo? Na samahani kwa hili maana naona sio wakati wake ila sina mwingine wa kumuuliza, ile shingo ya sweta unafanyaje ipite kichwani, na mbona kitambaa changu cha kroshia naanza kipana kinaishia chembamba kama tai?

Ni mimi, Mfumaji wa Kebini

*

Marahaba mwanangu, na pole ya foleni.

Nikiri kwanza, nimecheka. Nimekusoma nikiwa na kroshia yangu mapajani nikaiangusha. Kiswahili chenyewe kinakutania, mtu anafuma, anafumwa, anafumaniwa, na sasa uko hapa unataka tukusaidie kufumua. Ila nilipofika pale kwenye mwaka juzi nikaacha kucheka, na nitakurudisha pale, usidhani nimepitiliza.

Tuanze na kaka yako maana huyo ndiye wa haraka. Usimsikilize. Ukisema ni biashara, swali la pili la mkeo litakuwa hela iko wapi. Pea 11 umeuza ngapi, kwa nani, kwa kwacha au kwa shilingi, mbona sijaziona? Hapo utatunga mteja, mteja atakuwa mwanamke maana ndio wanaonunua soksi za kichanga, na mwanamke wa Zambia anayenunua soksi za mtoto kwa mume wa mtu ndiye hasa yule ambaye mkeo anamtafuta tayari. Umemtengenezea mwenyewe na jina umempa.

Na kuna kitu kingine kwenye huo ushauri kinanikera, sio kwako tu, ni kwetu sote. Hapa kwetu mtu akikuona umeshika uzi kabla hata ya kusema umependeza anasema, si uuze? Kama vile mikono ikifanya kitu bila kulipwa imeiba. Mimi nafuma vitambaa vya makochi miaka mingi, na jirani yangu mmoja mwenye nia njema kabisa alinishawishi nipokee oda ya harusi, seti nzima, kochi kubwa na vidogo na vya stuli, rangi ya maziwa, tarehe fulani viwe tayari. Nilifuma usiku nikiwa na hasira na maua. Ua lilelile ambalo huwa nalifuma nikisikiliza redio nikawa naliangalia kama deni. Nilimaliza, nilipewa hela, ukigawanya kwa masaa niliyokaa ni aibu hata kuitaja, na nikaiweka kroshia kwenye kopo ikakaa humo mwaka na kitu bila kuigusa. Wapo wanaouza na wanapenda na Mungu awazidishie, ila wewe umeniandikia kuwa unafumua unafuma tena uzi uleule, mtu wa hivyo sio mfanyabiashara, huyo anapenda. Kaa hivyohivyo.

Suala la kuacha basi limeisha, usiache.

Hili la wanaume nalo nitalipitia haraka kwa sababu sidhani ndilo linalowauma nyie wawili, ila likikupata kijiweni uwe na la kujibu. Waambie waangalie barazani, mafundi cherehani nchi hii wamejaa wanaume na hakuna anayewaita majina. Wavuvi wanakaa ufukweni wanafuma nyavu, neno ni hilohilo, kufuma, na sijasikia mvuvi akichekwa. Kofia za kushona kwa mkono za Lamu na Unguja, zile unazoziona Idi zina vitundu vidogovidogo kama vimetobolewa na mdudu mwenye akili, wamo wanaume wanaozishona, tundu moja moja, kofia moja inaweza kula miezi. Ukivuka huko Kongo unakokwenda, Wakuba wa Kasai, wanaume ndio hufuma kitambaa cha nyuzi za mrafia alafu wanawake wanakidarizi. Kule Peru kuna kisiwa kinaitwa Taquile, kiko ndani ya ziwa Titicaca, wanaume wa huko ndio wanafuma kofia kwa sindano na watoto wa kiume wanafundishwa mapema, UNESCO waliitambua sanaa yao mwaka 2005. Na yule mpiga mbizi wa Uingereza, Tom Daley, aliposhinda dhahabu Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 alifuma mfuko wa kuwekea medali isikwaruzike, upande mmoja bendera ya Uingereza upande wa pili ya Japani, alafu akaenda kukaa jukwaani kuangalia wenzake wakishindana huku sindano mkononi dunia nzima inamuona. Yatosha hayo.

Na mkeo alichosema kuhusu yule kijana wa kusuka, mwanangu, hiyo ilikuwa ni mchumba anamfurahisha mchumba wake. Sote tumesema vitu vya kijinga tukiwa tumeshikwa mkono barabarani. Wewe umekibeba miaka kama hati ya mahakama. Yeye nina hakika hakumbuki.

Sasa ushahidi. Video haitasaidia, picha hazitasaidia, simu kwa ujumla haitasaidia, maana mtu aliyeumia akiangalia simu anaona simu na sio mkono. Wewe unao ushahidi mmoja ambao haughushiki na umeutaja bila kujua. Ile soksi iliyobaki kwenye sindano haijafika kisigino. Ipo bado? Kama ameondoka nayo vizuri zaidi. Naomba usiwe umeigusa.

Kila mfumaji ana mkono wake, unajua hilo. Kuna anayekaza na anayelegeza, na hata wewe mwenyewe ukichukua kazi uliyofuma siku umetulia na ukaiendeleza siku una hasira, utaona mstari pale ilipoanzia hasira, vitanzi vimebanana kama abiria. Kwa hiyo mtu akikaa mbele yako akachukua kazi iliyoachwa katikati akaiendeleza, na inaendelea bila alama, hiyo soksi ni yake. Hata asiyejua kufuma anaona.

Basi nenda kwa shemeji. Piga hodi kama mkwe, nenda na sukari au matunda, usiende mikono mitupu, usiende na kaka yako. Usimvute pembeni mkeo mkaongee chumbani, kaa palepale sebuleni ambapo dada mtu anaona, kwa sababu huyo dada ndiye anayepokea simu na ndiye hakimu wa kesi hii kwa sasa. Omba hiyo soksi. Usihutubie. Ifume. Mikono itatetemeka, kitanzi cha kwanza na cha pili vitakataa, endelea tu, ukifika cha kumi mikono itajikumbuka yenyewe. Geuza kisigino mbele yao. Mimi nimefuma muda mrefu na bado nikimuona mtu anageuza kisigino cha soksi nasogeza kiti, kile kitendo cha kitu bapa kugeuka kuwa mfuko wa mguu mbele ya macho yako ni kama kiini macho, na shemeji hata awe mgumu vipi atauliza umefanyaje hapo. Akishauliza hivyo ujue kesi ya TikTok imefutwa.

Akishatulia, ndio uongee na mkeo peke yenu. Na hapa ndipo naporudi pale nilipokuahidi.

Mwanangu umeniandikia barua ndefu. Umenieleza spoku za bibi zinavyosuguliwa kwenye jiwe. Umenieleza majani ya Makete yanavyolia. Alafu mimba ya miezi mitano umeipitisha kwa sentensi moja, ukaweka "ndo hivyo" ukasonga mbele, kama mtu anayepitisha mzigo mpakani anaomba asifunguliwe turubai. Mimi nimelifungua, nisamehe.

Umesema unafuma kofia, skafu, vitambaa, sweta. Lakini kwenye ule mfuko hakukuwa na skafu. Kulikuwa na pea 11 za soksi za kichanga na kofia tatu. Ulianza kufuma soksi za watoto lini? Jiulize vizuri tarehe. Na ulikuwa unamfumia nani?

Simo kifuani mwako na naweza kuwa nimekosea. Inawezekana kabisa unafuma vitu vidogo kwa sababu vinaisha haraka, soksi moja ni foleni moja, uzi unaotumika ni kidogo na mabaki yanatosha, wafumaji wengi wanafanya hivyo na hakuna la zaidi. Kama ni hivyo mwambie hivyo, usijitungie huzuni ili usamehewe. Lakini kama ni lile ninalolidhani, basi mkeo anahitaji kulisikia kutoka mdomoni mwako. Fikiria upande wake. Yeye ile mimba ilimtoka mwilini mwake, watu walikuja wakakaa mkekani wakamwambia utapata mwingine, wewe ukakaa siku ngapi, tatu, nne? alafu bosi akapiga simu ukapanda gari. Kwa miaka miwili anajua kuwa aliyelia ni yeye, mume wake alishasahau huko Zambia. Anakuta soksi. Kwa akili yake haziwezi kuwa za yule, kwa sababu ya yule wewe hujawahi kusema hata neno. Kwa hiyo ni za mwingine. Nani angefikiri tofauti?

Sina maneno ya kukupa ya kumwambia, ukiandikiwa utayasoma kama risiti. Ila nakupa kitu cha kufanya. Tafuta sweta moja la mtumba, lifumue mnapoishi, na uzi ukishatoka mwombe anyooshe mikono mbele akushikie wakati wewe unazungusha bonge. Wewe unajua mtu akishika uzi hivyo hawezi kuondoka wala kushika simu, na macho yenu wote yako kwenye uzi sio usoni, ndio maana bibi yako stori zake zote alikupigia saa ile. Mnaweza kuongea vitu hapo ambavyo kitandani havisemeki. Na akikataa kunyoosha mikono siku hiyo, zungushia mgongo wa kiti usubiri, wewe si ndiyo kazi yako kusubiri.

Zile pea 11 msizitupe na usizigawe bila yeye. Mkiamua wote wawili kuwa zitoke ndani, wodi za watoto njiti zinazitumia, watoto wanaobebwa kifuani kwa mama zao kwa ule mtindo wa kangaruu uliotokea Bogotá, Colombia mwaka 1978 wanavalishwa nepi, kofia na soksi tu, mengine yote ni ngozi ya mama. Ila ulizeni kwanza wodini wanapokea nini. Na kabla hazijaenda zigeuze ndani nje ukague, uzi wowote unaoning'inia ndani ya soksi ukate, kwa sababu unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mtoto ukabana damu na mtoto hawezi kusema, atalia tu. Usiweke vifungo wala kamba za kufunga shingoni. Mkiamua zibaki kabatini, zibaki.

Na jambo moja la hospitali hapohapo nikiwa sijasahau, mimba kutoka ikiwa na miezi mitano sio ya kuambiwa "bahati mbaya" na kuishia hapo, nendeni kwa daktari wa akina mama, wote wawili, sio yeye na dada yake. Panga na bosi.

Haya sasa tupumue. Umeuliza maswali mawili ya maana na umeomba samahani, usiombe, mimi haya ndio huwa nayangoja.

Kitambaa chako kinakuwa tai kwa sababu unapoteza kitanzi mwisho wa mstari. Kile cha mwisho kabisa pembeni huwa kinajificha, kinakaa kama sio chake, watu wengi wanakiruka na kila mstari unapungua mmoja. Weka pini au kipande cha uzi wa rangi nyingine kwenye kitanzi cha kwanza na cha mwisho, uwe unazihamisha kila mstari, na uhesabu mpaka jicho lizoee. Kama unafuma vile vitanzi virefu, zile cheni tatu unazopandia mwanzoni zinahesabika kama kitanzi cha kwanza, kwa hiyo ukirudi lazima uchomeke juu yake, nadhani hapo ndipo penyewe. Na ukifuata maelezo ya mtandaoni angalia kwanza aliyeandika ni Mmarekani au Mwingereza, maana anachokiita singo Mmarekani, Mwingereza anakiita dabo, nimeshaona kofia ya mtoto imetoka ya mzee kwa sababu hiyo.

Kwenye kebini, hiki ni changu tu, tumia kroshia gari zikiwa zinasogeasogea na sindano weka za foleni zile za kulala. Kroshia ina kitanzi kimoja tu wazi, foleni ikisogea unakivuta kirefu unaacha. Sindano ina vitanzi 60 vinasubiri na kimoja kikichomoka kinaporomoka ngazi mpaka chini. Au nunua zile sindano za mviringo zilizounganishwa kwa waya, hazikuchomi kiwiko kwenye nafasi ndogo na kazi haitoki. Gari ikitembea vitu hivyo viwe ndani ya mfuko na sio kwenye dashibodi, ukifunga breki kwenye mlima wa Kitonga sindano itakuwa mshale.

Uzi wa mtumba unaujua kuliko mimi, labda niongeze kwamba kabla hujanunua sweta ligeuze uangalie mshono wa ubavuni, ukikuta umekatwa na kupigwa ovaloki liache, utapata vipandevipande vya uzi urefu wa mkono. Ukikuta kingo zimeungwa kwa mnyororo wa uzi bila kukatwa, hilo linafumuka mwanzo mwisho. Ukishalifumua uzi utakuwa umejikunjakunja kama tambi, ufunge kwa duara, uoshe maji ya uvuguvugu, uning'inize na kitu kizito kidogo chini mpaka ukauke, utanyooka. Na kama ni kitu cha kuvaa Dar tafadhali fumia pamba, huo uzi mwingine unaotanda Kariakoo ni wa plastiki, kwa Makete sawa, kwa Dar utamchemsha mtu.

Shingo ya sweta sasa. Hukukosea kufuma, umekosea kufunga. Ukifunga vitanzi vya mwisho kwa sindano ileile, tena mwisho wa kazi mtu anakuwa na haraka anakaza, ukingo unakuwa kama waya na haunyooki. Fumua ule mstari wa kufungia tu, usiguse chini yake, vitanzi vikiwa wazi virudishe kwenye sindano, alafu funga upya kwa sindano kubwa zaidi, kama ulifuma kwa ya milimita 4 funga kwa ya milimita 5, na kila ukifunga vitano sita vuta ukingo uone unanyooka. Kisha likivalika usilivae wewe, umesema baridi ya huko unaijua na Makambako saa kumi usiku mkeo akisindikiza safari siku moja atalihitaji.

Na yule utingo, skafu moja kwa siri ya ukubwa huu ni ndogo sana. Mfumie na kofia.

Shangazi